Mwendelezo wa Tatu wa "Sahani Mbili"

Quillen's Branch, Kentucky
8 Oktoba 1968

Mpwa wangu mpendwa Verlene,

Natumaini waraka huu utakukuta Nashville ukiwa salama, wewe na wanamuziki wako wote. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua, ambacho hunikumbusha umri wangu kila asubuhi bila kuulizwa. Mitufaha imezaa vizuri na tumeanza kukausha. Mama yako, dada yangu, hajambo. Anakusalimu na anauliza kwa nini katika picha ya gazetini nywele zako zimepanda juu kiasi kile. Nimemweleza kwamba ndiyo desturi ya kazi yako. Hakuridhika.

Uniwie radhi kwa kutumia penseli. Kalamu ya wino niliyopewa na walimu wa misheni nilipohitimu imeanza kuvuja, nami sipendi kukupelekea madoa.

Naomba radhi pia, na mapema, kwa jambo ninalokusudia kulisema. Nimelianza mara nne na mara nne nimelichana.

Jumapili nilipanda makaburini kumpalilia Delphia. Nilikuta sahani imesimamishwa kwenye jiwe lake. Ilikuwa sahani nzuri, yenye maua ya samawati, na mtu alikuwa ameandika juu yake kwa rangi nyekundu: "Chakula cha mumeo kimepoa, mwanamke usiye na haya." Hii ni ya tatu tangu kiangazi. Zote zimeletwa na wageni wanaokuja kwa magari.

Wimbo wako wa "Sahani Mbili" ulipendwa na nchi nzima miaka kumi na miwili iliyopita, nami nilijivunia na bado najivunia. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na sikuona vibaya ulipotutaja kwa majina yetu halisi, Hobart na Delphia, pamoja na bonde letu. Katika wimbo, Hobart huandaa sahani mbili kila jioni kwa kuwa mkewe ametoroka na mchuuzi wa cherehani. Wewe na mimi twajua kwamba Delphia alikwenda Dayton kumuuguza dada yake Arminta, akarudi baada ya majuma kumi na moja, na tukaishi pamoja hadi kifo chake. Sahani ya pili niliiweka kwa mazoea. Mchuuzi hakuwapo. Hapa bondeni haijawahi kufika cherehani ambayo haikuja kwa posta.

Alipokuwa hai alilicheka jambo hili. Sasa hawezi kujibu. Nakuomba, kama si usumbufu, utoe wimbo mwingine wa kueleza kwamba alirudi, ili jina lake lisafike. Nimejaribu ubeti mmoja kukurahisishia:

Delphia aliondoka kwa basi la saa mbili,
Kwa madhumuni ya kumuuguza nduguye wa kike;
Baada ya majuma kumi na moja alirejea kamili,
Nami nikamlaki kituoni, pamoja na mizigo yake.

Natambua kwamba mizani ina kasoro. Una ruhusa ya kurekebisha.

Mjomba wako akupendaye,
Hobart Stidham


Nashville, Tennessee
24 Novemba 1968

Mjomba Hobart, shikamoo.

Usinikasirikie kwa kukaa kimya wiki saba. Tulikuwa barabarani. Hita ya basi imekufa, tunalala na makoti, na mpiga ngoma anakula vitunguu vibichi kuzuia mafua. Sisi wengine tumeomba tupate mafua haraka ili pua zizibe.

Mwambie mama nywele zangu zimepanda kwa sababu waliokaa nyuma nao wamelipa kiingilio.

Habari ya sahani imeniuma, mjomba. Sikujua. Naapa.

Sasa huo ubeti wako. Niliwasomea wenzangu kwenye basi. Mpiga fidla alitokwa na machozi, na usiniulize machozi ya aina gani. "Kwa madhumuni ya"! Mjomba wangu, hakuna binadamu aliyewahi kuvunjika moyo kwa madhumuni ya.

Ngoja nikueleze ubaya wa mwendelezo. Watu wakiupenda wimbo watakuomba mwingine wa hadithi ileile. Ukiwapa, wanakuchukia kwa kuuchezea ule wa kwanza. Unaikumbuka "Sahani ya Tatu"? Ilikuwa akili ya Bwana Rusk wa kampuni ya santuri. Akasema tumlete mchuuzi wa cherehani, naye kaachwa na Delphia, aje apige hodi, Hobart amkaribishe, wale maharage pamoja wakimlilia mwanamke mmoja. Stesheni moja kule Oklahoma iliipiga mara moja tu, na mtangazaji akawaomba wasikilizaji msamaha. Hata mama aliniandikia, "Hao wanaume wawili, nani anaosha vyombo?"

Na wewe unataka wimbo wa mke aliyekwenda kumuuguza dada yake, dada akapona, mke akarudi. Huo si wimbo, mjomba. Hiyo ni barua.

Halafu, kusema kweli, mimi ninakula kwa "Sahani Mbili". Kila mji ninaoingia wanautaka huo, wakati mwingine mara mbili usiku mmoja. Nikiwaambia kumbe hakutoroka, nitaimba nini?

Hata hivyo Bwana Rusk keshapata mwendelezo wa pili. Tumeurekodi tayari. Unahusu nini, nisiseme sasa. Ila ukifika Januari usiwe unawasha redio hovyo. Betri ni ghali siku hizi.

Kula vizuri. Funika kifua.

Mpwa wako,
Verlene


Quillen's Branch, Kentucky
19 Januari 1969

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mwaka mpya. Mama yako ni mzima, ng'ombe ni mzima, na mimi naandika hasa kukuhakikishia kwamba niko hai, kwa kuwa yawezekana umepata habari tofauti.

Tangu Krismasi nililala na kifua, na Jumapili mbili sikuonekana kanisani. Redio sikuiwasha, nikifuata ushauri wako kuhusu betri. Jumamosi ya tarehe kumi na moja niliamka nikijisikia nafuu, nikaenda jikoni kuchemsha kahawa nikiwa katika nguo za kulalia. Mlango ukafunguliwa bila hodi, kama ifanywavyo kwenye nyumba yenye msiba, na akaingia Dada Maudie Slone, jirani yangu, akiongoza wanawake sita wenye mabakuli. Aliponiona aliachia bakuli la maharage sakafuni.

"Hobart Stidham! Si umekufa wewe?"

Nikasema, "Samahani sana, Maudie. Bado."

"Redio imesema! Mtangazaji katamka kwa kinywa chake, 'Hobart wa Quillen's Branch ametutoka,' mpwa wako kaimba, mhubiri kahubiri katikati ya wimbo, na kinanda kikalia!"

"Naomba radhi kwa usumbufu wote huu."

"Acha kuomba radhi, vaa suruali."

Nilipotoka nje nilisikia majembe mlimani. Wanaume walikuwa wamenichimbia kaburi tangu alfajiri, ubavuni mwa Delphia, na ardhi yote barafu. Walikuwa wamefika kiunoni. Burl Ritchie aliniangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mkavu.

"Tuliache wazi, Hobart," akasema. "Tumeshatoka jasho, na hicho kifua nakisikia toka hapa. Utalihitaji kabla hatujapanda mahindi."

Nilimshukuru kwa wazo lake na nikamwomba alifukie.

Kwa kuwa chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa, tulikaa tukala. Unajua kwetu keki ya msiba hutengenezwa tabaka kwa tabaka, kila nyumba ikileta tabaka lake, na kimo chake ndicho heshima ya marehemu. Yangu ilikuwa na matabaka kumi na moja. Ya Delphia ilikuwa na saba. Niliona aibu kubwa kuila, ingawa nilikula vipande viwili.

Dada Maudie alinisimulia wimbo wenyewe. Nimeelewa kwamba Hobart anafia mezani, uma mkononi, huku sahani ya pili ikiwa safi. Na kwamba mhubiri anatangaza kuwa mwanamke aliyemuua anajijua.

Verlene, binti yangu, naomba unisamehe kwa kusema waziwazi. Mwaka jana Delphia alikuwa mtoro. Sasa amekuwa muuaji. Wiki hii zimeletwa sahani mbili zaidi, na aliyeleta ya pili alipanda mlima ule katika theluji. Moja ina msalaba uliochorwa kichwa chini. Mimi nina miaka sabini na mmoja. Nitakapokufa kwa kweli hatabaki mtu wa kuziondoa.

Kwa hiyo narudia ombi langu. Imba ukweli.

Mjomba wako,
Hobart Stidham


Nashville
30 Januari 1969

Mjomba,

Nimecheka, nimelia, nimecheka tena kwa Burl, halafu nimeishia kulia. Nisamehe. Yule mhubiri ni mpiga besi wetu kabana pua. Nilijua unakufa kwenye wimbo na sikuwa na uso wa kukuambia. Nilidhani utapita bila wewe kusikia. Sikufikiria majembe!

Bwana Rusk kasikia habari ya kaburi na anauliza kama utakubali kupigwa picha umesimama ndani yake. Nilimtupia kiatu. Kwa taarifa yako, mwendelezo wake haununuliki. Barua tulizopata zote zinasema hivi hivi: "Mbona mmemuua? Tulikuwa bado tunamsikitikia."

Sasa unisikilize. Unaniambia niimbe ukweli. Ukweli upi, mjomba?

Enzi hizo nilikuwa nafanya kazi Dayton, na wiki ile nilikuwa nyumbani likizo. Basi la kurudi Dayton tulipanda pamoja, mimi na Mama Delphia, kiti kimoja, saa tisa nzima. Arminta alitupokea kituoni. Alikuwa mzima kama farasi. Alibeba sanduku la Mama Delphia kichwani na langu mkononi.

Na Jumapili ile, siku moja kabla ya basi, mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu kanisani. Niliona na nilisikia.

Verlene


Quillen's Branch, Kentucky
2 Machi 1969

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kupokea barua yako. Theluji imeanza kuyeyuka upande wa kusini wa mlima. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye baka jeupe shavuni. Mama yako amenunua miwani mipya na sasa anaona vumbi katika nyumba za watu wengine. Nimekwisha kupanda miche ya vitunguu, na kifua kinaendelea vema.

Kuhusu swali lako la mwisho, nasikitika kwamba ukurasa umekwisha.

Mjomba wako,
Hobart Stidham


Nashville
16 Machi 1969

Mjomba,

Umeandika ukurasa umekwisha, na chini yake kumebaki nafasi ya kuchungia huyo ndama.

Haya. Usiposema wewe, nitasema nusu yangu, nusu yako ubaki nayo.

Mama Delphia alipokuwa ameshakaa Dayton zaidi ya mwezi, nilikwenda kumwona kwa Arminta siku ya mapumziko. Nilikuwa na gitaa. Mama yangu alikuwa kaniandikia kwamba umeonekana ukiandaa sahani mbili, na mimi wimbo ulikuwa umeshaanza kunikaba kooni. Nikamwambia, "Mama Delphia, nataka kuutungia wimbo huu mkasa wenu, lakini sitaki kusema kisa chenyewe."

Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Tia mwanamume humo."

Nikasema, "Mama!"

"Tia tu. Mke akitoroka na mwanamume watu watasema wiki mbili, wachoke. Lakini wakianza kuimba alichonifanyia Hobart, hatasimama tena mbele ya kanisa. Na kusimama pale ndiyo raha yake pekee, masikini."

"Mwanamume gani basi?"

Cherehani ya Arminta ilikuwa pale mezani, inakata uzi tangu asubuhi. Akaitazama, akasema, "Muuza cherehani." Kisha akafikiri kidogo. "Na awe mrefu."

Hayo ndiyo niliyoyaficha miaka kumi na mitatu kasoro. Alinikataza nisikwambie. Nilitii alipokuwa hai, na alipofariki nikaona nimechelewa. Jina lake halikuchafuliwa na mimi, mjomba. Aliniletea mwenyewe nilipake matope, ili lako libaki jeupe. Kwa hiyo ukiniambia nimsafishe, unajua matope yatahamia kwa nani.

Nikitunga wimbo wa Arminta mgonjwa, utakuwa uongo wa nne. Sitaki. Nusu iliyobaki ni yako. Ukitaka iandike, usipotaka usiandike, mimi nitaendelea kukupenda hivyo hivyo.

Verlene


Quillen's Branch, Kentucky
13 Aprili 1969

Mpwa wangu mpendwa,

Naomba radhi kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimeketi, na kwa siku kadhaa sikuweza kufanya lolote la maana. Ng'ombe alikamuliwa na mama yako.

Natambua kwamba mimi si mrefu.

Nusu yangu ni hii. Nimekuwa mwongoza nyimbo wa kanisa letu kwa muda mrefu, kama ujuavyo. Walimu wa misheni walinifundisha kwamba sauti nyingi zikiimba vema husikika kama sauti moja, nami nililiamini jambo hilo kama nilivyoamini Maandiko. Delphia hakufundishwa na mtu. Aliimba kwa sauti ileile aliyoitia ng'ombe kutoka mlima wa pili. Alifika juu kabla yetu sote, akatungoja huko.

Jumapili ile tulikuwa na wageni wa misheni, na katika benchi la mbele alikuwa mwalimu wangu, Bi Lathrop, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka thelathini. Katika ubeti wa pili nilimwona akigusa sikio lake. Nikainua mkono, nikausimamisha wimbo. Mbele ya watu sitini nikasema: "Bibi Stidham, nakuomba radhi, je, ungekuwa radhi kufungua kinywa bila kutoa sauti?"

Nilisema "nakuomba radhi". Kwa miaka mingi nilijitetea kwa maneno hayo mawili.

Alifunga kitabu chake. Kesho yake akapanda basi. Niliwaambia watu kwamba Arminta anaumwa, na nililisema hata nikalikubali. Alipokaa majuma mawili niliamini atarudi. Alipofikisha manane sikuamini tena, lakini sikujua namna ya kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja. Hilo la sahani umelisema sawasawa katika wimbo wako.

Aliporudi hakulitaja, nami nilimshukuru Mungu kwamba hakulitaja. Kwa miaka tisa iliyofuata, hadi ugonjwa wake, aliketi mahali pake kila Jumapili, kitabu wazi, akifungua kinywa bila kutoa sauti. Nilikuwa nikimwona kutoka pale mbele. Ningeweza kumwambia aache kutii. Kila Jumapili nilikusudia kumwambia Jumapili ijayo.

Sasa uandike wimbo huo. Weka jina langu kamili. Usinipambe, na tafadhali usinifishe. Mimi mwenyewe nitasimama kanisani Jumapili ya kupamba makaburi, mwishoni mwa Mei, niungame mbele ya wote, kwa sababu si haki watu wangu walisikie redioni kwanza. Ikiwa hawatataka tena niwaongoze, nitaelewa.

Mjomba wako,
Hobart Stidham


Nashville
11 Mei 1969

Mjomba wangu, shikamoo, na nyingine ya ziada.

Nimeutunga usiku uleule nilipopata barua yako. Unaitwa "Bibi Stidham". Kiitikio ni maneno yako yaleyale, sijabadilisha hata nukta: "nakuomba radhi, je, ungekuwa radhi." Kuyaingiza kwenye gitaa kumenitoa jasho ambalo sijawahi kulitoa. Ni wimbo wa kwanza wa kwetu wenye adabu kiasi hiki.

Bwana Rusk aliusikiliza kakunja uso. "Mchuuzi yuko wapi?"

"Hayupo. Hakuwahi kuwepo."

"Kwa hiyo mwanamke kaambiwa anyamaze kanisani, basi? Hakuna pombe? Hakuna treni? Verlene, hakuna hata mvua!"

Nikamwambia mvua ilinyesha Dayton kama anaitaka sana.

Akasema ni mwendelezo mbovu kuliko yote miwili iliyotangulia, na kwamba hiyo miwili ilikuwa yake kwa hiyo anajua ubovu. Amekubali kuuweka upande wa pili wa santuri, kwa sababu upande wa pili hausikilizwi na mtu. Na ameniambia baada ya hapo tutaona kama kampuni bado inanihitaji. Usijilaumu! Miaka mitatu sasa tunaangaliana hivyo.

Mwishoni mwa wimbo hakuna maneno. Naimba tu kama Mama Delphia, juu, bila kumngoja mtu. Fundi mitambo alirukia vitufe vyake kama moto umewaka. Tukarudia mara tano, na mara ya tano mpiga fidla akaniwekea mkono begani, akatoka nje kuvuta sigara, macho yamelowa. Haya sasa machozi nilijua ni ya aina gani.

Jukwaani, kila nikimaliza "Sahani Mbili" naunganisha na huu. Juzi robo ya ukumbi walitoka kununua soda. Kwingine jamaa kapaza sauti, "Mrudishe mwizi wa wake za watu!" Lakini nimeamua: atakayetaka ule wa kwanza, lazima apewe na huu. Mmoja bila mwingine siimbi.

Mjomba, santuri inatoka wiki hii. Uko tayari? Watakaousikia hawatakusikitikia tena. Miaka yote hii wewe ndiye uliyeonewa huruma na Marekani nzima.

Mpwa wako,
Verlene


Quillen's Branch, Kentucky
1 Juni 1969

Mpwa wangu mpendwa Verlene,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako anasema wimbo mpya ni mrefu mno, na ameupiga mara tisa. Kifua changu kimenyamaza tangu joto lianze. Mahindi yamefika magotini, na Burl Ritchie hunitazama kila tupitanapo kama mtu aliyevunjiwa ahadi.

Jumapili iliyopita, kabla hatujapanda mlima kupamba makaburi, nilisimama kanisani. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Nikaanza: "Ndugu zangu, naomba radhi kuwachelewesha. Nina jambo la kuungama, lililotokea hapa Jumapili moja ya mwaka 1956."

Dada Maudie akasema kutoka mahali pake, "Keti, Hobart. Tulikuwepo."

Nikasema, "Nataka kueleza nilichomwambia mke wangu."

"Tulisikia. Hatukuwa viziwi."

Burl akasema, "Mimi nilikaa mbele yake miaka kumi. Nusu kiziwi ni mimi. Na hata mimi nilisikia."

Watu wakacheka, nami nikiwa bado nimeshika kurasa zangu. Niliwauliza kwa nini hawakuniambia kitu kwa muda wote huo. Maudie akajibu, "Delphia alitukataza. Na sasa unatuambia sisi ya nini? Yeye yuko kule juu. Panda ukamwambie."

Nikapanda. Wao walibaki nyuma kidogo, jambo ambalo nawashukuru. Niliyosema huko sitayaandika, isipokuwa kwamba hayakuanza na "nakuomba radhi". Baadaye waliniamuru niwaongoze katika wimbo kama kawaida, nami nikawaomba kila mmoja aimbe kwa kadiri ya mapafu yake. Ilikuwa kelele ya kutisha. Hakuna sauti mbili zilizokutana. Bi Lathrop angezimia.

Tulikuwa bado tunaimba lilipofika gari la Indiana. Wakateremka mwanamume mpole na mkewe aliyevaa gauni la manjano, ameshika maua mekundu fungu zima. Akauliza lilipo kaburi la Delphia, akayalaza pale, akapangusa jiwe kwa leso yake. Kisha akageuka.

"Hobart ni nani hapa?"

Watu wote wakanionyesha kwa kidole, pamoja na mama yako.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Samahani."

"Samahani! Sisi tuligeuza santuri kwa makosa, tukausikia. Ulimwambia nini mkeo? Hebu rudia, nikusikie kwa masikio yangu!"

Nikarudia, neno kwa neno. Naye akaanza. Akasema sauti ya mtu si bomba la kufungua na kufunga. Akasema amelia kwa ajili yangu miaka kumi na miwili na anataka machozi yake yarudishwe. Mumewe akamvuta mkono: "Myrtle, twende, mzee kazeeka." Akamjibu, "Sijamaliza!" Nikamwambia bwana yule kwamba sina haraka yoyote, na nikamwomba bibi aendelee. Aliendelea kwa dakika kumi. Sijawahi kukemewa kwa sauti kubwa namna ile, wala sijawahi kufurahi hivyo.

Tangu siku hiyo yamekuja magari mengine manne. Hakuna hata moja lililoleta sahani. Wote huniuliza Delphia yuko wapi, humwachia maua, kisha huniuliza mimi niko wapi. Kwa hiyo Bwana Rusk akikuambia kwamba mwendelezo huu haukufaulu, mweleze kwa heshima zote kwamba hajui lolote.

Nilikusudia kukuandikia pia habari za ndama, lakini sasa hivi limesimama gari langoni. Mwanamke aliyeteremka ameniona dirishani, amekunja mikono ya gauni, na anapanda ngazi kwa kasi. Naomba radhi kwa kukatisha hapa. Si adabu kumngojesha.

Mjomba wako,
Hobart Stidham